Mzee wa Masjala Anajibu: Barua Zilizopanda Kasri la Dublin

Toleo lililopita, nikijibu swali la namba za majalada, nilichomeka mistari miwili kuhusu wanyonge wa Ayalandi waliokuwa wakiwaandikia watawala wao barua za maombi mwanzoni mwa karne ya 19. Nilidhani itapita. Kumbe nimechokoza nyuki. Bahasha zimejaa mezani, na mwezi huu nawajibu wa Ayalandi peke yao. Walioniuliza mambo ya mirathi wanivumilie.

Kwa msomaji mgeni: kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa masjala miaka 31. Kufungua bahasha, kugonga mhuri wa kupokea, kuandika namba, kupeleka juu, kungoja ishuke. Kwa hiyo barua ya mtu siisomi kama nyinyi. Mimi huanza na mgongo wake.

*Shikamoo Mzee. Unasema maskini wa Ayalandi walimwandikia mtawala. Lakini vitabu vinasema wengi wao hawakujua kusoma, na nyumbani hawakusema Kiingereza. Sasa aliyeandika ni nani? (Mwalimu wa historia)*

Marahaba, mwalimu. Umegusa penyewe. Huko magharibi na kusini, Mayo, Galway, Clare, Kerry, lugha ya jikoni na shambani ilikuwa Kiayalandi. Kiingereza kilikuwa cha mahakama, cha kodi na cha Kasri la Dublin, makao ya serikali. Kwa hiyo lalamiko la mkulima lilibidi livuke mara mbili: kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi, na kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mvushaji mara nyingi alikuwa mwalimu wa shule ya uani.

Shule hizo zilipata jina hilo karne ya 18, wakati sheria ilipomkataza Mkatoliki kufundisha. Mwalimu aliwakusanya watoto nyuma ya ua wa miti, asionekane na mpita njia. Marufuku ililegezwa mwaka 1782, lakini jina lilibaki hata pale darasa lilipohamia kwenye kibanda au ghalani. Mzazi alilipa peni kadhaa, au akaleta udongo mkavu wa kinamasi unaowaka kama kuni. Mwalimu naye, juu ya kufundisha hesabu na Kilatini kidogo, ndiye aliyekuwa mwandishi wa kijiji. Na walimu hao walipenda maneno makubwa! Pale ambapo “njaa” ingetosha, aliweka neno lenye silabi sita. Simlaumu. Mteja aliyelipa alitaka asikie kwamba kweli ameandikiwa.

Muundo ulikuwa mmoja, karibu kama sala. Juu: kwa Mtukufu, Makamu wa Mfalme na Gavana Mkuu wa Ayalandi. Kisha: ombi la unyenyekevu la fulani, wa kijiji fulani, linaonyesha kwa heshima kuu kwamba... Kuanzia hapo mwenye shida hajiiti tena “mimi”. Ni “mwombaji”. Mwombaji ana watoto sita. Mwombaji amelazwa na homa tangu mavuno. Mwombaji hana ng'ombe. Na mwisho: mwombaji, kama impasavyo, ataomba dua daima. Husomewa kwa sauti, anaitikia kwa kichwa, anapewa kalamu, anachora msalaba mdogo katikati ya jina lake.

Sasa shuka chini ya msalaba huo, ndipo penye uhondo. Kuna mistari ya watu wengine: kasisi wa Katoliki anathibitisha kwamba huyu ni mtu mtulivu, mchungaji wa Kiprotestanti anathibitisha, na bahati ikiwepo, mwenye ardhi au hakimu naye ametia sahihi. Mkono mtupu haulambwi, na ombi lisilo na jina la mkubwa chini yake lilikuwa mkono mtupu. Mtu aliweza kutembea siku nzima kwenye matope kutafuta sahihi hiyo moja.

*Mzee, hizo barua zilisomwa kweli, au ziliishia kapuni? (Karani wa muda, anayejua anachouliza)*

Zilisomwa. Na hapa niacheni nijitanue, maana ni uwanja wangu.

Tarehe 1 Januari 1801 Muungano na Uingereza ulianza. Bunge la Dublin lilifutwa, na wabunge 100 wa Ayalandi wakawa wanakaa London katika Baraza la Makabwela. Lakini utawala wa kila siku haukuhama. Ulibaki pale pale, Kasri la Dublin. Juu kabisa alikaa Makamu wa Mfalme, siku zote kabaila mwenye cheo. Chini yake Katibu Mkuu, ambaye kwa kuwa alikuwa pia mbunge, miezi mingi alikuwa London akitetea miswada. Robert Peel, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alipewa kiti hicho mwaka 1812 akiwa na miaka 24, akakiacha mwaka 1818. Wakafuata Grant, Goulburn, Lamb. Wanakuja, wanaondoka. Anayebaki Dublin ni Naibu Katibu, William Gregory, aliyeingia mwaka huo huo wa 1812 na kukaa karibu miaka 20. Kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anamjua mtu wa aina hii. Wakubwa wanapita, yeye ndiye anayejua jalada liko wapi.

Mwaka 1818 ofisi ya Katibu Mkuu ilianza utaratibu mpya wa kusajili karatasi zinazoingia. Barua inafunguliwa, inasomwa, inakunjwa kwa urefu, na mgongoni karani anaandika jina, mahali, tarehe, jambo lenyewe kwa ufupi, na namba ya mwaka huo. Kurasa nne za kilio zinageuka mstari mmoja: anaomba msaada. Msimcheke yule karani. Mimi mwenyewe niliwahi kufupisha kurasa tano za mama mmoja aliyefiwa kuwa maneno mawili, “madai ya nauli”, nikaenda kunywa chai.

Na majibu? Mengi ni ya kukatisha tamaa. Makamu wa Mfalme hawezi kuingilia jambo hili. Kwa mfungwa: sheria ifuate mkondo wake. Maneno hayo yanajirudia hadi unaona kama karani angeomba achongewe mhuri wake. Lakini si yote. Ombi la mfungwa liliweza kupelekwa kwa jaji aliyesikiliza kesi, atoe taarifa yake, na wako watu waliohukumiwa kunyongwa ambao hukumu zao ziligeuzwa kuwa uhamisho wa kwenda New South Wales, koloni la wafungwa huko Australia. Kwao, karatasi ile iliyokunjwa ilikuwa shingo.

Balaa lilikuwa kwa anayemlalamikia hakimu. Mahakimu wa wilayani hawakuwa wanasheria wa kulipwa. Walikuwa wenye ardhi wa hapo hapo, wengi wao Waprotestanti, na pengine ndio hao hao waliompangisha mlalamikaji shamba. Kasri likipokea mashtaka, hatua ya kawaida ilikuwa kuuliza maelezo wilayani. Kwa nani? Kwa hakimu. Kesi ya ngedere kumpelekea nyani! Barua ya mkulima inarudi mezani kwa mtu yule yule aliyeandikwa ndani yake, ikiwa na jina na kijiji. Wakati wa Wellesley, kaka mkubwa wa Wellington, aliyekuwa Makamu wa Mfalme tangu mwishoni mwa 1821, orodha ya mahakimu ilipitiwa upya na baadhi wakaachwa nje. Kwa hiyo kuna malalamiko yaliyofika. Ila sijui mngemwambia nini yule aliyekuwa bado analima shamba la mtu aliyemshtaki.

Waliomba nini? Nusu ya dunia. Askari wazee waliopigana na Napoleon wakitafuta pensheni. Vijana wakitaka kazi kwenye jeshi la polisi lililoundwa mwaka 1822. Mashahidi wa serikali wanaoogopa kurudi kwao. Kule Inishowen, Donegal, vijiji vizima vililia juu ya faini ya poitín, ile gongo yao. Mtambo ukikutwa na mwenyewe asijulikane, faini iliangukia eneo zima, na ng'ombe wa jirani asiyejua lolote wakaswagwa.

Lakini usome za mwaka 1822. Vuli ya 1821 mvua haikukoma, viazi vikaoza ardhini, na ilipofika masika ya mwaka uliofuata upande wa magharibi haukuwa na chakula. Oti, nafaka yao ya shambani, zilikuwepo. Zilikuwa za kulipia kodi ya shamba, na asiye na peni hakuzigusa. Hapo unakuta kasisi na mchungaji, watu ambao kwa kawaida hawakupatana hata juu ya kaburi, wametia sahihi karatasi moja. Na hawaombi unga tu. Wanaomba barabara. Ndiyo, barabara: kazi ya kuvunja mawe, ili mtu alipwe peni 8 hivi kwa siku anunue unga mwenyewe. Serikali ilimtuma mhandisi Alexander Nimmo huko Connaught, mkoa wa magharibi, na baadhi ya barabara zilizochongwa wakati ule ndizo zilizofungua pwani ya Galway na Mayo.

Kuna jambo moja la kisheria linaloeleza unyenyekevu wote huu. Uingereza ilikuwa na sheria ya kuwatunza maskini tangu 1601. Ayalandi haikupata ya kwake hadi 1838. Katikati hapo, mwenye njaa wa Mayo hakuwa na kitu anachoweza kukidai. Ndiyo maana karatasi inasema ombi.

*Mzee, mimi barua hizo za “mtumishi wako mnyenyekevu” zinanichefua. Watu wananyang'anywa, nao wanabembeleza? Hawakuwa na hasira? (Msomaji wa kudumu, kijana)*

Walikuwa nayo, mwanangu. Waliiandika usiku.

Chukua fungu la kumi. Mkulima Mkatoliki alitozwa sehemu ya mazao yake kulitunza kanisa la Kiprotestanti ambalo hakanyagi mlangoni mwake. Hilo peke yake linatosha. Sasa ongeza hili: sehemu za Munster, mkoa wa kusini, hata kiazi kilitozwa, kiazi ambacho ndicho chakula chote cha maskini, ilhali malisho ya ng'ombe wa tajiri yalikuwa hayaguswi, hadi sheria mpya ya mwaka 1823. Mwenye robo ekari ya viazi analipa. Mwenye ng'ombe 200 anapita.

Kati ya 1821 na 1824, Limerick, Cork, Kerry na wilaya za jirani ziliwaka moto. Asubuhi watu walikuta karatasi imepigiliwa kwenye mlango wa kanisa, imechorwa jeneza, inamwonya mtozaji wa fungu la kumi au mpangaji aliyechukua shamba la aliyefukuzwa. Sahihi: Kapteni Rock. Hakuna aliyejua Kapteni Rock ni nani, kwa sababu alikuwa kila mtu. Na lugha yake! Inaiga amri za serikali neno kwa neno: kwa hii mnajulishwa, kwa mamlaka niliyonayo, atakayekaidi ajilaumu. Tarehe ipo, cheo kipo, onyo la mwisho lipo. Nikizisoma nacheka peke yangu, maana ni mtu anayezijua vizuri sana karatasi za ofisi.

Kasri nalo liliona hivyo. Walioshukiwa mara kwa mara kuziandika walikuwa walimu wa shule za uani. Huyo huyo wa silabi sita. Mchana anaandika “mwombaji ataomba dua daima”, usiku anachora jeneza. Siwezi kumwapia mtu mmoja mmoja, lakini kalamu kijijini hazikuwa nyingi.

Jibu la serikali lilikuwa Sheria ya Maasi, iliyorudishwa Februari 1822. Katika wilaya iliyotangazwa, ukikutwa nje ya nyumba yako kati ya machweo na mapambazuko bila sababu ya kuridhisha, unafikishwa mbele ya mahakimu bila baraza la wazee wa mahakama, na adhabu ni kupelekwa ng'ambo miaka 7 kama mfungwa. Basi kesho yake nani anaandikiwa barua? Makamu wa Mfalme. Mwombaji ni mama wa kijana. Mwombaji anaonyesha kwa heshima kuu kwamba mwanawe alitoka tu kumwangalia ndama. Kasisi ametia sahihi.

*Babu, wanawake je? Au waliandikiwa tu na waume zao? (Mjukuu wako, mwanafunzi wa chuo)*

Wamejaa humo, mjukuu wangu. Wajane wa askari, mama wa wafungwa, na hasa wale ninaowaita wajane wa waume walio hai: wake za waliopelekwa New South Wales.

Utaratibu wao ulianzia upande wa pili wa dunia. Mume akishakaa huko na kuwa na mwenendo mzuri, aliweza kumwomba gavana wa koloni kwamba mkewe na watoto wasafirishwe bure. Akikubaliwa, jina linarudi kwa meli, safari ya miezi minne hivi, hadi London, kisha Dublin. Wakati huo mke, huko kijijini, ameshasikia fununu au amepata barua, naye anaandikiwa ombi lake. Anataja jina la mume, mahali alipohukumiwa, mwaka, mara nyingi hata meli aliyopandishwa. Wanahistoria wanayasoma haya kwa hisia, na wana haki. Mimi naona mwanamke asiyejua kusoma ambaye amekariri rejea yake kamili, kwa sababu anajua bila hiyo karani hatamtafuta. Wasomi wengi waliokuja dirishani kwangu hawakuwahi kunipa rejea nzuri kiasi hicho.

Jina likilingana na orodha, anaambiwa ajiandae kufika bandari ya Cork na watoto wake. Kama anatoka Donegal, hiyo ni kukivuka kisiwa kizima toka kaskazini hadi kusini. Huko anapanda meli ileile inayobeba wanawake wafungwa, yeye akiwa huru, hana kosa. Jina lisipolingana, jibu unalijua.

Nakala za karatasi hizi Ayalandi iliwapa Waaustralia zawadi mwaka 1988, walipotimiza miaka 200 tangu meli za kwanza za wafungwa zifike. Sijawahi kusikia masjala nyingine iliyotolewa zawadi ya sherehe.

*Kwa nini wasipeleke malalamiko bungeni? (Hakusaini)*

Walipeleka pia. Ombi la Wakatoliki la 1805, la kutaka haki sawa, lilifika mabaraza yote mawili ya Bunge la London na kukataliwa kote. Mkatoliki mwenyewe hakuweza kukaa bungeni hadi 1829. Alichofanya Daniel O'Connell, wakili wa Kerry, ni kuacha kutegemea karatasi peke yake. Kuanzia 1824 chama chake kilikusanya peni moja kwa mwezi kwa mtu, mlangoni kwa makanisa, na mwaka 1828 akachaguliwa mbunge wa Clare. Serikali ikasalimu amri, halafu papo hapo ikawapokonya kura wakulima wadogo waliomchagua, kwa kupandisha kiwango cha thamani ya shamba kinachompa mtu kura kutoka shilingi 40 hadi pauni 10. Hiyo ni habari ndefu na nitaiandika siku nyingine.

*Nilisoma kwamba kumbukumbu za Ayalandi ziliungua zote. Wewe unazitoa wapi? (Mtunza maktaba)*

Hazikuungua zote, dada. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma pale Four Courts, majengo ya mahakama kuu za Dublin, ililipuka na kuteketea, na vipande vya karatasi vikawa vinaanguka juu ya mji. Huko ndiko zilikokwenda wasia za makabaila na sehemu kubwa ya sensa ya 1821, ile iliyohesabu watu wapatao milioni 6.8.

Barua zetu hazikuwa pale. Hakuna aliyeziona za maana kiasi cha kuzihamisha. Zilikuwa bado Kasrini, kwenye mnara wa mawe wa zama za kati, mali ya ofisi iliyozipokea. Leo ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Bishop Street, mahali palipokuwa kiwanda cha biskuti. Kwa hiyo iko familia ambayo babu yao alihesabiwa mwaka 1821 na karatasi ikaungua, lakini msalaba wake mdogo wa mwaka uliofuata, akiomba kazi ya barabara, upo, na namba yake mgongoni.

*Mzee, ni kweli sanamu ya Haki pale Kasrini imeupa mji mgongo? (Darasa la saba, tumebishana)*

Ni kweli. Iko juu ya lango, inatazama ndani uani kwa wakubwa, na wenyeji wana ubeti wao juu ya sehemu gani ya mwili wake inayowatazama wananchi, ambao mwalimu wenu hataniruhusu niuandike. Haikufungwa macho. Na mizani yake ilikuwa ikijaa maji ya mvua na kulalia upande mmoja, hadi vikombe vikatobolewa matundu maji yapite. Aliyebisha kuhusu matundu amnunulie mwenzake soda.